Chakula cha Haiti si lazima kiwe na nyama

Wengi huamini kwamba chakula cha Kihaiti lazima kiwe na nyama, na kwamba anayekipika kwa mimea tu ameacha asili. Imani hiyo inaeleweka: kwenye sherehe, griot, yaani nyama ya nguruwe ya kukaanga, ndiyo huonekana kwanza.

Lakini mlo wa siku za kawaida mara nyingi ni mayi moulen, mahindi yaliyosagwa chengachenga, yakamwagiwa sòs pwa, maharage yaliyopondwa hadi yakawa rojo. Wali wa djon djon nao hupata weusi wake kwenye uyoga mkavu: unalowekwa, unachujwa, na maji yale meusi ndiyo yanayopikia mchele. Harufu yake inatosha kabisa! Hata soup joumou, inayonywewa kila Januari 1 kukumbuka uhuru wa 1804, imebeba jina la boga. Wengi huongeza nyama ya ng'ombe, ila uzito wa supu unatoka kwenye boga lenyewe.

Ukitaka kuhakikisha, anza na majina ya Kikrioli, lugha ya Wahaiti: diri ni wali, pwa ni maharage, mayi ni mahindi. Kisha muulize Mhaiti yeyote kwao hupikwa nini katikati ya wiki.