Swali kwanza, mgeni baadaye: dhana potofu kuhusu podikasti ya theolojia Unguja

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Kijana wa kwaya wa hapa mjini anataka kuanzisha podikasti ya theolojia, na neno lake la kwanza lilikuwa lilelile ninalolisikia kila mara: "Tukimpata Baba Askofu kipindi cha kwanza, vingine vitakwenda vyenyewe." Nikamuuliza Baba Askofu atazungumzia nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo atajua mwenyewe."

Vikundi vingi nilivyovisaidia kupanga vipindi vilikwama hapohapo, kabla hata ya kununua maikrofoni.

Dhana: Tafuta mgeni mkubwa, mada itafuata

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumbani ni kweli, lakini kipindi hakiponi kwa sababu mgeni amefika. Aliyealikwa kwa ajili ya jina lake tu hana cha kujibu, basi hujaza muda kwa alivyovizoea: salamu, shukrani, historia ya dayosisi, nasaha kwa vijana. Dakika hamsini zinakwisha, na msikilizaji aliyetumia bando lake hajui kilichoulizwa. Kosa si la askofu, ni la aliyemwita bila swali.

Ukweli ni kwamba swali ndilo linalomchagua mgeni. Chukua Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana la hapa mjini lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, maana kila kikundi kinachonijia huanza na Mkunazini. Wanapanga kueleza kuwa soko la watumwa lilifungwa 1873, kuwa jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, kuwa Askofu Edward Steere, aliyelijenga, amezikwa mle ndani, na kuwa upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, pale ulipozikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Sawa, lakini hayo watalii huelezwa kila asubuhi na waongozaji wao. Ni habari za jengo. Theolojia haijaanza bado.

Sasa uliza hivi: watumwa waliokombolewa, wakakaa Mbweni, hapahapa Unguja, chini ya misheni ya Kianglikana, waliposikia barua ya Paulo kwa Filemoni, ambamo Onesimo anarudishwa kwa bwana wake apokewe kama ndugu, walisikia habari njema au walisikia mtu anarudishwa utumwani? Swali hili linataka watu wawili. Mmoja ni msomi wa Agano Jipya anayeweza kutueleza Paulo anamwomba Filemoni nini hasa. Wa pili ni mtu aliyelelewa na masimulizi ya wazee wa Mbweni, na mara nyingi huyo ni mama asiye na cheo chochote kanisani. Nimewahi kukaa na mama wa namna hiyo, mwalimu wa skuli ya Jumapili. Akaniambia bibi yake, kila barua ile iliposomwa, alikuwa akiuliza mbona Onesimo mwenyewe hasemi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Filemoni, na hakuna lililonikaa moyoni kama swali la bibi yule. Barua nzima, kweli, Onesimo hapewi neno hata moja.

Halafu naambiwa kwamba theolojia ni ya wenye digrii! Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa akakombolewa, aliwekewa mikono kuwa padri mwaka 1890, miaka 17 tu tangu soko lifungwe. Kanisa la visiwa hivi lilijengwa na watu ambao leo tusingewaalika kwenye vipindi vyetu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule, na siuachi: kabla ya kufikiria mgeni, andika swali la kipindi kwenye karatasi kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Likihitaji neno "na" katikati, hayo ni maswali mawili, yagawe. "Wokovu na neema na maisha ya kijana" si swali, ni kichwa cha semina ya siku tatu. "Aliyeokoka akianguka, amepotea?" ni swali, na hapo utajua mara moja ni mchungaji gani wa kumpigia.

Dhana: Kwa kuwa tuko Unguja, lazima tujibizane na Waislamu

Hapana. Ukitaka mihadhara, hiyo ni kazi nyingine. Theolojia kwanza ni Mkristo kuielewa imani yake mwenyewe, na wengi wetu hatuwezi kuueleza Utatu hata kwa watoto wetu. Tena jirani Mwislamu atasikiliza, tusijidanganye. Sema lile ambalo ungelisema naye akiwa amekaa barazani kwako. Mada tamu ipo hapahapa: imani, dhambi, sala, sadaka, malaika, nabii, roho, yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na ndiyo tunayomwombea Mungu kila Jumapili. Mwalimu wa Kiswahili atakufaa kuliko mtu wa kubishana.

Dhana: Madhehebu mawili mezani ni ugomvi

Ni ugomvi ukiwaita bila kuwaambia wanatofautiana wapi. Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu 1908 hadi kufa kwake 1924, aliwashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, baada ya mkutano wa 1913 uliofanyika Kikuyu, Kenya, ambako walishiriki Meza ya Bwana pamoja na Waprotestanti wengine. Mzozo ule ulifika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Uingereza. Mwite Mwanglikana na Mlutheri, uwaulize: Weston alikosea? Watatofautiana kwa adabu, kwa sababu wanajua wanachotofautiana.

Dhana: Mada zitaisha

Kanuni ya Imani peke yake ni mwaka mzima. Ongeza Majilio, Kwaresima na Pentekoste. Nisisikie tena hili.

Dhana: Mgeni akijua maswali mapema, hatasema kwa moyo

Asiyejua ndiye anayehubiri badala ya kujibu. Mpe maswali matatu siku tatu kabla, kisha mzungumze kwa simu dakika ishirini. Mengine yaache yazuke.

Kijana wa kwaya amenirudia juzi. Safari hii alikuwa na karatasi: "Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa, yuko wapi?" Nimemwelekeza kwa padri mmoja mstaafu ambaye katika utumishi wake amezika watoto wengi. Wameshazungumza kwa simu.