Je, wajua kwa nini Edinburgh imepoteza majengo mengi bila kubomolewa na vita?

Mgeni anayeshuka katika stesheni ya Waverley, katikati ya Edinburgh, huona ngome juu ya mwamba na mitaa ya mawe inayoteremka hadi kasri la Holyrood, akaamini kwamba mji mkuu huu wa Uskoti umebaki kama wahenga walivyouacha. Kumbe stesheni yenyewe imekalia kiwanja cha kanisa la Trinity College, lililoanzishwa mwaka 1460 na Malkia Mary wa Guelders kwa kumbukumbu ya mumewe, Mfalme James wa Pili. Kampuni ya reli ilipolibomoa mwaka 1848, ahadi ilikuwa kwamba kanisa lingejengwa upya, na kwa hiyo mawe yake yalipigwa namba kwa rangi, yakarundikwa kwenye kilima cha Calton. Mabishano kuhusu kiwanja na fedha yakachukua miaka zaidi ya ishirini, huku watu wakijichotea mawe kwa ujenzi wao, hata ulipofika mwaka 1872 yaliyosalia yalitosha sehemu moja tu ya kanisa. Sehemu hiyo ingalipo katika kichochoro cha Chalmers Close, na namba bado zinasomeka kwenye baadhi ya mawe.

Aliyebomoa, basi, hakuwa adui bali wenyeji wenyewe, na kila kizazi kilikuwa na sababu yake. Baada ya reli ilikuja afya. Wenye uwezo walikuwa wamehamia Mji Mpya, uliopangwa na James Craig mwaka 1767, wakawaachia maskini majumba marefu ya Mji Mkongwe, ambamo familia nzima iliweza kuishi katika chumba kimoja. Usiku wa Novemba 1861 jengo moja la barabara ya High Street liliporomoka na kuua watu 35; kijana mmoja aliyefukiwa alisikika akiwahimiza waokoaji waendelee kuchimba kwani alikuwa bado hajafa, na sura yake imechongwa juu ya lango la Paisley Close. Mwaka uliofuata jiji lilimteua Dakta Henry Littlejohn kuwa ofisa wake wa afya wa kwanza, na ripoti yake ya mwaka 1865 ilifungua njia ya sheria ya mwaka 1867 iliyoruhusu vichochoro vingi kuvunjwa na barabara pana, kama vile Chambers Street, kupitishwa.

Hoja ya afya ni vigumu kuibeza. Ya karne ya ishirini ni dhaifu zaidi, kwa maoni yangu. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilibomoa sehemu kubwa ya George Square, uwanja wa nyumba za karne ya kumi na nane, ili kupata kumbi na maktaba, ijapokuwa wapenda historia walipinga vikali. Si mbali na hapo, St James Square iliondolewa kupisha kituo cha maduka cha zege ambacho wengi walikichukia tangu mwanzo. Nacho kikavunjwa, na mwaka 2021 kikafunguliwa kingine, chenye hoteli iliyozungushiwa utepe wa rangi ya shaba, ambayo wenyeji wameibandika jina la utani lisiloandikika hapa.

Waliohamishwa kutoka katikati walipelekwa pembezoni: Craigmillar na Pilton kati ya vita viwili vya dunia, kisha Wester Hailes, palipokuwa mashamba hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Walipata bafu na choo cha ndani, mambo ambayo wengi hawakuwa nayo mjini, lakini maduka, shule na kazi vilichelewa kuwafuata. Huko nako bomoabomoa haikukawia, kwa kuwa katika miaka ya 1990 maghorofa kadhaa ya Wester Hailes, yaliyokuwa hayajafikisha hata miaka thelathini, yaliangushwa na mahali pake zikajengwa nyumba za chini.