Minyoo Imesingiziwa Vya Kutosha

Juma hili nimepokea karatasi nyingine ya rufaa yenye maelezo ambayo sasa nayajua kwa moyo: mgonjwa ana saratani ya mapafu, eosinofili (aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu) zilikuwa juu, amepewa albendazoli, dawa ya minyoo, mara tatu, na baada ya dozi ya tatu hesabu imeshuka, kwa hiyo ilikuwa minyoo. Sababu hiyo haikuandikwa kama dhana. Imeandikwa kama hukumu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba karatasi ilitaja eosinofili "asilimia 12" bila kutaja jumla ya chembe nyeupe. Asilimia 12 ya chembe 3,500 ni 420 kwa kila mikrolita, yaani hapana tatizo lolote. Huyo huenda ni mgonjwa ambaye nyutrofili zake, chembe nyeupe ambazo kwa kawaida ndizo nyingi zaidi, zimefyekwa na kemotherapi, na eosinofili chache alizonazo zikaonekana nyingi kwa kukosa wenzake. Asilimia 12 hiyo hiyo ya chembe 40,000 ni 4,800, na hapo hatuzungumzi tena lugha moja. Hesabu ya kawaida haizidi 500. Ikipita 1,500 na kudumu, moyo lazima uchunguzwe, kwa kuwa chembechembe zinazobebwa na eosinofili zinaweza kuumiza utando wa ndani wa moyo, awe aliyeziita ni mnyoo, dawa au saratani.

Saratani huziitaje? Baadhi ya uvimbe, wa mapafu ukiwamo, hutengeneza wenyewe intalukini-5 na ndugu zake, yaani ujumbe ule ule ambao kinga ya mwili hutuma unapovamiwa na minyoo. Uboho, unaotengeneza chembe za damu, hutii amri bila kukagua saini. Ndiyo maana hesabu ya mgonjwa wa namna hii huweza kushuka uvimbe ukiondolewa, na kupanda tena ugonjwa ukirudi. Kupanda huko peke yake hakumaanishi kwamba saratani imeingia kwenye uboho, ingawa nalo nimelisoma katika rufaa. Zipo pia dawa zinazosababisha mzio, na ipo saratani iliyosambaa hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo na kuzinyima nguvu ya kutoa homoni ya kotisoli; hayo mawili husahaulika upesi.

Sidharau minyoo. Kichocho cha mkojo, ambacho watu wa Pemba na mwambao wanakifahamu vyema, chenyewe husababisha saratani ya kibofu, hivyo mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mdudu na uvimbe kwa pamoja, na hesabu yake isiniambie ni yupi kati yao anayezungumza. Lakini kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, albendazoli haikiui. Strongiloidi, mnyoo wa utumbo, nayo hujificha hata choo kikipimwa zaidi ya mara moja, dozi moja ya albendazoli haiitoshi, na mgonjwa akianzishiwa steroidi, dawa zinazodhoofisha kinga, inaweza kuzaliana ndani yake hadi kumuua. Kwa hiyo anayetaka kutibu minyoo na atibu kweli, kwa kuitaja kwa jina.

Ndugu wa wagonjwa huniuliza: "Daktari, hizi zinampigania au zinamuumiza?" Swali hilo hunipa shida kuliko yote. Hesabu inayopandishwa na uvimbe wenyewe mara nyingi huonekana ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na hapo huwa sina habari njema. Hata hivyo, eosinofili zikiwa ndani ya uvimbe wa utumbo mpana, tafiti kadhaa zimezihusisha na maisha marefu zaidi, na katika melanoma, saratani ya ngozi, inayotibiwa kwa dawa za kuamsha kinga, kupanda kwake kumeambatana na matokeo mazuri. Chembe ni ile ile. Mimi hujibu kwamba inategemea, na najua jibu hilo halimsaidii mtu aliyekesha kwenye benchi.

Turudi kwenye karatasi yetu. Katika orodha ya dawa, mstari wa mwisho kabisa, nilikuta deksamethasoni, aina ya steroidi, kwa ajili ya kuvimba kwa ubongo, iliyoanzishwa siku moja kabla ya ile dozi ya tatu. Steroidi hushusha eosinofili ndani ya saa chache. Nimempa ivermektini, dawa ya strongiloidi, bila kusubiri majibu, nimeomba apimwe moyo, na deksamethasoni itakapopunguzwa nitahesabu upya. Zikipanda, naomba asipewe albendazoli ya nne.