Mti wa Shimba Hills haukufichwa

Juzi tena. Kijana kamleta mamake kliniki ambaye amekosa dripu yake ya saratani mara mbili, na kijana mkononi ana chupa ya soda iliyojaa maji ya kahawia. "Daktari, hii ni ya asili, haina kemikali. Wazungu waliijua zamani, wakaificha."

Mimi ni mfamasia wa wodi ya saratani, na maneno hayo nimeyachoka.

Haina kemikali? Vinkristini, dawa ya saratani iliyo kwenye dripu ambayo mama huyo anaikimbia, ilitolewa kwenye vinka, ua la Madagaska ambalo watu wanalipanda uani. Ukiiingiza kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa wa damu, inaua. Tuliache hilo.

La kufichwa ndilo linaloniudhi. Chukua mti wa Shimba Hills. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan na wenzake walitangaza maytansini, sumu inayoua seli za saratani, waliyoipata kwenye mti wa Ethiopia wa jamii ya Maytenus. Ndugu yake wa Kenya, Maytenus buchananii, alikuwa nayo kwa wingi zaidi. Basi miaka hiyo ya 1970 zaidi ya tani 27 zikakatwa Shimba Hills, Kwale, kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Tani zote hizo kwa sababu kilo nzima ya mti mkavu hutoa miligramu chache tu. Wagonjwa walipopewa, walitapika, wakaharisha, neva zikaumia. Kabla dozi haijafika pa kuua uvimbe, mwili ulikuwa umeshashindwa. Matokeo yakachapishwa, kila mtu asome. Dawa ilifeli, na ilifeli hadharani.

Kisha ikarudi. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya trastuzumabu emtansini kwa saratani ya matiti yenye HER2, protini inayojaa juu ya seli za saratani hiyo. Ni sumu ileile iliyorekebishwa kidogo, ikafungwa kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoitafuta HER2 na kuingia nayo ndani ya seli. Kila kingamwili hubeba kwa wastani molekuli tatu na nusu za sumu hiyo. Siku hizi hakuna mti unaokatwa: malighafi yake inatengenezwa na bakteria. Sasa niambie, anayechemsha mizizi jikoni anapimaje kitu kama hicho?

Ukitaka kukasirika, kasirikia hili: mti ulipoondoka Kwale, Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 haukuwepo, seuze Itifaki ya Nagoya ya 2010. Hakuna mkataba wa kimataifa uliomlazimu mtu kuketi na Wadigo, wenyeji wa Kwale, na kukubaliana wapate nini. Hapo niko upande wa kijana.

Na sisi wa maabara nina shaka nasi. Tunachukua mchanganyiko wa mganga, tunauchuja mpaka ibaki molekuli moja, yaliyobaki tunayamwaga. Siamini kwamba kila mara tunachomwaga ni takataka.

Nilimuuliza kijana jina la mti. Hakulijua; muuzaji alimwambia ni mizizi saba. Nikaandika "mizizi saba" kwenye faili, nikaomba mama apimwe ini kabla hajaanza dripu tena, maana vinkristini husafishwa na ini, na hiyo mizizi saba nayo imeshapita hapohapo.