Divai nyekundu iliyopauka haijatiwa maji

Shemeji aliinua glasi kwenye taa ya sebule yetu hapa Ntinda, akaviona vidole vyake upande wa pili, akaguna: “Hii wameiongeza maji.” Wengi Kampala hudhani hivyo: divai nyekundu isiyo nzito kama juisi ya zambarau ni ya kughushi.

Chupa yenyewe ilikuwa Pinot Noir, divai ya zabibu nyeusi za jina hilohilo, ya familia moja yenye shamba dogo Burgundy, Ufaransa. Nunua zabibu nyeusi pale Nakasero, menya moja, uikamue. Maji yake karibu hayana rangi, sivyo? Wekundu wa divai hutoka kwenye ganda linaloloweka ndani ya juisi wakati wa kuchachuka, na ganda la Pinot Noir ni jembamba, lina rangi kidogo. Basi hata ikikolea vipi, utaona vidole.

Halafu kuna baridi. Kahawa ya Bugisu huiva polepole kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Zabibu za Burgundy nazo haziharakishwi na jua. Hubaki na uchachu wake, na sukari haipandi sana. Kwa kuwa hamira hugeuza sukari kuwa kilevi, divai hutoka na asilimia 12 hadi 13 hivi, wakati za nchi za joto hufika 14 au 15.

Wepesi huo ndio ladha yake. Ila msiinywe na joto la sebule za Kampala, jamani. Nusu saa kwenye friji kwanza. Shemeji aliongezewa glasi ya pili, safari hii bila kuguna.