Mfereji ukirudi: maswali ya majirani kuhusu maji ya kunywa Mombasa

Kazi yangu ni ya afya ya umma, na watu wakishalijua hilo hawakuachi. Maswali haya nimeulizwa barazani, kwenye foleni ya mitungi, na mengine mawili ndani ya feri ya Likoni. Nimeyaandika kama yalivyoulizwa.

Haya maji ya mfereji yanatoka wapi hasa? Na huko yatokako ni safi?

Kisiwa chetu hakina mto. Maji yanakuja kutoka mbali. Kuna ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, yanayosafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200. Ni mvua iliyonyesha milima ya Chyulu ikachujwa na mawe ya volkeno, na mahali yanapochomoza utaona viboko wakielea katika maji meupe kama kioo. Kuna ya Marere katika Shimba Hills, Kwale. Kuna ya Baricho, visima vilivyochimbwa kwenye mchanga kando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Na kuna visima vya Tiwi, upande wa kusini. Ya Mzima hupitia matangi ya Mazeras, ya Baricho huja mpaka matangi ya Nguu Tatu.

Chanzo ni kizuri kuliko miji mingi inayokunywa maji ya mto moja kwa moja. Hata hivyo ni lazima yatiwe klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu ya hiyo safari.

Basi uchafu unaingia wapi?

Njiani, na zaidi karibu na mlango wako.

Bomba lililojaa maji kwa nguvu, hata likiwa na tundu, huvuja kwenda nje. Ukiona dimbwi barabarani siku ya maji, hiyo ni hasara, lakini ndani ya bomba bado hakujaingia kitu. Balaa ni maji yanapofungwa. Mgao ukianza, bomba linabaki nusu, nguvu inakwisha, na tundu lile lile linageuka mdomo: linavuta. Likiwa limelala ndani ya mtaro, linavuta maji ya mtaro. Siku ya nne mfereji unarudi, na ndoo ya kwanza ndiyo inayobeba kila kilichoingia.

Nenda ukatazame mwenyewe. Kuna uchochoro mmoja Kisauni ninaoupita mara kwa mara, mabomba membamba ya plastiki yamepangana saba au manane kama tambi, yote ndani ya mtaro wa maji machafu. Moja limeungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kamba ya nailoni. Juu yake bata wanatembea. Kila bomba hapo linakwenda nyumba ya mtu, na mwenye nyumba akifungua mfereji haoni mtaro wala bata.

Halafu kuna pampu. Mtu akiona maji yanachuruzika, anaunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Yeye anajaza tangi la juu, jirani anapata upepo, na bomba zima linanyonywa kama mua. Maji machafu yaliyozunguka lile tundu nayo yanaingia. Ukitaka pampu, acha maji yaingie kwa nguvu yake kwenye tangi la chini, kisha upandishe kutoka hapo. Jambo hili watu huliona la majirani kugombana tu, kumbe ni la ugonjwa.

Yakirudi na rangi ya chai je?

Mara nyingi ni kutu na matope yaliyotikisika. Yaache yatoke, yakinge kwa ndoo ya kupigia deki au ya chooni, usiyamwage. Yakishang'aa ndipo ujaze ya kunywa, na bado uyatibu. Kung'aa si kupona: vijidudu vya kipindupindu havina rangi.

Siku nyingine yananuka dawa. Si tunanyweshwa sumu?

Hili naulizwa kuliko yote, na mara nyingi na mama mwenye mtoto mdogo mkononi, kwa hivyo sicheki.

Harufu kidogo ya klorini maana yake ni kwamba mlinzi bado yuko kazini. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike kwa mtumiaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita, na kiwango chake cha juu ni miligramu 5. Nafasi kati ya hizo mbili ni kubwa. Pua ya mtu huanza kuhisi mapema sana, kabla ya kufika kwenye madhara.

Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi kwamba ningependa kila mtaa ukione kikifanywa. Unachukua kichupa kidogo, unakisuuza kwa maji ya mfereji ule ule, unakijaza mpaka kwenye alama, unadondosha kidonge cha kupimia klorini, unafunika na kutikisa. Klorini ikiwepo, maji yanageuka waridi, kama sharubati iliyozimuliwa. Waridi likikolea, klorini ni nyingi. Yakibaki meupe kama yalivyokuwa, haipo, na hapo ndipo mimi huanza kuwa na wasiwasi. Dakika mbili haziishi.

Kama harufu inakukera, mimina maji kwenye chombo kipana kilichofunikwa kitambaa safi, uyaache saa chache. Itapungua yenyewe.

Sisi tuna kisima uani, cha tangu babu. Hakijamuua mtu.

Mzee, babu alichimba kisima wakati nyumba ya jirani iko mbali na choo kilikuwa kimoja. Leo hesabu mashimo ya vyoo yaliyokizunguka.

Mara nyingi hutajwa mita 30 kuwa umbali wa chini kati ya kisima na choo cha shimo. Hesabu hiyo inategemea udongo uchuje. Mombasa tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe, na wewe uliyewahi kuchonga tofali lake unajua lilivyo na matundu na nyufa. Maji ya choo hayachujwi humo, yanapita. Masika yakija, maji ya chini yanapanda na kisima na choo wanapeana mkono.

Kuna kasoro mbili ambazo moto hauziondoi. Ya kwanza ni chumvi: ukivuta sana, bahari inasogea, na ukichemsha maji ya chumvi yanazidi chumvi. Ya pili ni nitrati, inayotokana na choo na haina ladha wala harufu. Ikizidi, hupunguza uwezo wa damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Kwa hivyo maji ya kisima cha mjini usiyachanganyie maziwa ya mtoto wa chini ya miezi sita, hata ukiyachemsha mara tatu. Kufulia, kudekia, sawa. Kisima kifunikwe, kiwe na ukingo, na ndoo ya kutekea iwe moja isiyowekwa chini.

Maji ya mkokoteni tuyaamini?

Muuza maji anasukuma mitungi ya lita 20 juani mpaka ghorofani kwako, na wengi ni watu waaminifu. Lakini hana maabara. Muulize ameteka wapi, atakwambia. Tazama mtungi: umefunikwa kwa kifuniko chake au umezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyosokotwa? Ndani kuna utelezi wa kijani? Zamani ulibeba nini, mafuta ya kupikia au dawa ya viwandani? Uliobeba kemikali hauoshiki. Maji yake yachukulie kuwa hayajatibiwa, basi.

Na barafu za watoto, zile za ukwaju na za rangi: baridi haiui vijidudu, inavihifadhi.

Nyumbani nifanye lipi, nichemshe au nitie dawa?

Lolote uwezalo kulifanya kila siku. Ukichemsha, ngoja yatokote kabisa mapovu makubwa, dakika moja inatosha, kisha yafunike yapoe humo humo. Makaa na gesi ni ghali, najua, ndiyo maana dawa ya klorini ya dukani inafaa: soma kipimo kwenye chupa, tikisa, ngoja dakika 30. Maji yakiwa na matope, yachuje kwanza kwa leso safi iliyokunjwa, kwa sababu matope huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Dawa ya kufulia yenye manukato si ya maji ya kunywa.

Ukiwa huna moto wala dawa, jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, inayoonyesha ndani, maji yasiyo na matope, ilaze juani juu ya bati kwa muda wa saa 6. Siku ya mawingu, siku mbili.

Kisha kuna lile dogo linaloharibu yote. Nimekaa katika nyumba ambapo maji yamechemshwa vizuri, yamewekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya kifuniko kuna kikombe. Mtoto anatoka chooni mbio, anafunua, anazamisha kikombe mpaka kifundo cha mkono, anakunywa, anarudisha. Kazi yote ya asubuhi imekwisha hapo. Wazee wetu walikuwa na kata, kifuu chenye mpini mrefu, mkono haugusi maji. Irudishe, au nunua ndoo yenye mfereji chini.

Maji ya mtaa yakipatikana na kasoro, nani atuambie? Na lini?

Kampuni ya maji na idara ya afya ya kaunti, na mapema, kabla ya kuwa na uhakika kamili. Watu wa ofisi hawapendi kusikia hilo, lakini lina sababu. Kipimo cha E. koli, kile kijidudu kinachoonyesha kuwa kinyesi kimeingia, huchukua karibu siku nzima kuoteshwa. Sharti katika mililita 100 kisionekane hata kimoja. Majibu yanapotoka kesho, maji yaliyopimwa leo yameshanywewa. Ukingoja tena kurudia kipimo, umengoja mtaa mzima uugue.

Mwaka 2000 mji mdogo wa Walkerton, Kanada, ulipata mvua kubwa mwezi Mei, na vijidudu vya samadi ya ng'ombe vikaingia kisima cha mji. Maabara ikawapa wasimamizi wa maji majibu mabaya. Wakanyamaza. Idara ya afya ilipopiga simu kuuliza, ikaambiwa maji hayana neno. Tangazo la kuchemsha lilitoka tarehe 21, siku kadhaa baadaye, tena likatolewa na watu wa afya wenyewe. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Baadaye ikagunduliwa kwamba rekodi za klorini zilikuwa zikibuniwa kwa miaka. Nchi tajiri, yenye maabara na simu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema.

Tangazo lenyewe litaje mtaa kwa jina: "Mikindani, kuanzia mahali fulani mpaka fulani", si "baadhi ya maeneo". Liseme kuna nini, ufanye nini, lina tarehe gani, uulize wapi. Lisomwe msikitini na kanisani, lipigwe redioni, wahudumu wa afya wa jamii walipitishe nyumba kwa nyumba, na wauza maji waambiwe kwanza kwa sababu wao ndio hufika kila mlango. Na tuzoee kutofautisha matangazo matatu. "Chemsha kabla ya kunywa" ni la vijidudu. "Usinywe" maana yake kuna kitu moto haukiondoi, kama kemikali, kwa hivyo kuchemsha hakusaidii. "Usitumie kabisa" hata kuoga usioge. Hatari ikipita, watu waambiwe pia imepita. Wasipoambiwa, tangazo lijalo hawataliamini.

Nikitumiwa sauti kwenye WhatsApp kwamba maji yametiwa sumu?

Haina tarehe, haina mtaa, mwenye sauti hajitaji? Usiisambaze. Piga simu kampuni ya maji au idara ya afya uulize, na wakati unangoja jibu tumia maji uliyoweka akiba.

Mtoto ameshaanza kuharisha.

Usingoje. Mpe maji ya chumvi na sukari ya paketi ya kituo cha afya. Huna paketi, lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kidogo kidogo, kila mara, na anyonye kama kawaida. Kituoni atapewa pia zinki. Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani, au amelegea, mbebe sasa hivi hospitalini huku ukimnywesha njiani. Na ukifika, taja unakoteka maji. Wagonjwa watatu wa mfereji mmoja ndio hufungua macho ya daktari.

Naweza kuuliza maji ya mtaa wangu yalipimwa lini, au nitafukuzwa?

Ni haki yako. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inakupa maji safi na salama ya kutosha, na Ibara ya 35 inakupa habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21, na kama jambo linagusa uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Andika barua fupi: mtaa wako, tarehe ya kipimo cha mwisho, klorini ilikuwa kiasi gani, E. koli ilionekana au la. Eleza kwamba kuna watoto wanaoharisha, kama wapo. Peleka nakala mbili, moja wapigie muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.