Ulimwengu wa mwanzo hauundwi upya Geneva

CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, ikitajwa tu kwenye habari, hakosi mtu wa kutuambia kwamba wanasayansi "wanaurudia Mlipuko Mkuu", yaani chanzo cha ulimwengu, chini ya ardhi. Mwingine anadakia kuuliza kama tutasalimika. Tutasalimika: miale ya kutoka anga za mbali hugonga hewa yetu kwa nishati kubwa kuliko ya mashine za CERN, na imefanya hivyo tangu zamani.

Ulimwengu wa mwanzo ni kipindi ambacho kila kitu kilikuwa cha moto na kimebanana mno hata atomu zisiweze kudumu, hadi kufikia miaka kama 380,000. Kilichokianzisha ni swali jingine.

Kinachofikiwa Geneva ni joto lake. Viini vya atomu za madini ya risasi vikigonganishwa ndani ya LHC, mashine ya CERN iliyomo katika handaki la mduara lenye mzingo wa kilomita 27, huyeyuka vikawa supu ya kwaki na gluoni, chembe zinazounda protoni na nyutroni, yenye joto la nyuzi trilioni kadhaa. Ulimwengu ulikuwa na joto hilo ukiwa na umri wa mikrosekunde chache. Lakini supu ya maabara ni tone la ukubwa wa kiini cha atomu, lina ukingo, na linatawanyikia penye utupu papo hapo. Ile ya kale ilienea kote, wala haikuwa na pa kutawanyikia. Ilipoa kwa sababu ulimwengu wenyewe ulikuwa ukitanuka, na kasi ya kutanuka ilitegemea uzito wa vyote vilivyokuwamo. Hilo hakuna mashine inayoliiga, linahitaji hesabu.

Na hesabu hizo zina meno. Mwaka 1977 wanasayansi Gary Steigman, David Schramm na James Gunn walionyesha kuwa kiasi cha gesi ya heli kinatuwekea kikomo cha aina za nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji. Aina zikizidi, ulimwengu hutanuka upesi zaidi, nyutroni nyingi zaidi husalia bila kugeuka protoni, na heli inayopikwa katika dakika za kwanza huwa nyingi mno. Heli ya kale ni kama robo tu ya uzito wa maada ya kawaida, kwa hiyo aina za nyutrino lazima ziwe chache. Mwaka 1989 mashine ya LEP, iliyokuwa ndani ya handaki hilohilo la CERN, ikaichunguza chembe ya Z, ambayo huweza kuvunjika ikawa nyutrino, na kuhesabu aina tatu za nyutrino nyepesi.

Basi ndugu waandishi, taarifa ya CERN ikiwafikia tena, andikeni kwamba wamefikia joto la ulimwengu wa mwanzo. Kichwa cha habari bado kitavutia.